Novemba Yenye Alhamisi Tano

Huenda nawe umeliona jambo hili. Unaingia supamaketi katikati ya Oktoba kununua sukari na sabuni, nawe unapokewa na mti wa plastiki uliopambwa taa, na nyimbo za Krismasi zikipigwa juu ya kichwa chako. Miezi miwili na ushei ingali imesalia. Kisha unarudi tarehe 23 Desemba, sasa ukiwa na haja ya kweli ya karatasi za kufungia zawadi, unaambiwa zimekwisha, na rafu yake imekwisha kupangwa madaftari ya kufungulia shule. Kwa ndugu zetu walioko Ulaya na Amerika ya Kaskazini kero hii ni kubwa zaidi, kwa sababu wao wana baridi: mtu akichanikiwa koti mwezi wa Februari, wakati theluji ingali nje, hukuta duka limetundika nguo za kuogelea.

Wanafunzi wangu huizungumzia kero hii kana kwamba ni uzushi wa zama zetu. Sivyo. Ugomvi baina ya kalenda ya watu na kalenda ya maduka una historia ndefu, na mara moja uliwahi kuigawa nchi nzima katika pande mbili, hata sikukuu moja ikaadhimishwa katika tarehe mbili tofauti. Nchi hiyo ni Marekani, na mwaka wenyewe ni 1939. Huko ndiko tuendako leo.

Ila mwalimu wa lugha hawezi kulipita neno lililolala njiani. Neno hilo ni msimu. Limetokana na neno la Kiarabu mawsim, na lugha kadhaa za Ulaya zililichukua neno hilo hilo kuzitaja pepo za Bahari ya Hindi. Kwa wazee wa pwani yetu, msimu ulikuwa ni majira ya upepo na ya biashara kwa pamoja. Kaskazi ilipovuma, majahazi yalishuka kutoka Arabuni, Ghuba na India yakileta tende, mazulia na vitambaa. Kusi iliposhika, yakarejea na boriti za mikoko na bidhaa nyinginezo za kwetu. Mfanyabiashara wa Lamu au wa Unguja aliweza kuwa tajiri apendavyo, lakini hakuweza kuuwahisha msimu hata kwa siku moja. Alikaa barazani akasubiri upepo.

Kwingineko, aliyemzuia mfanyabiashara hakuwa upepo bali serikali. Mwaka 1592, katika enzi ya Malkia Elizabeth wa Kwanza, ofisa msimamizi wa masoko ya London alitoa amri ya kukataza uuzaji wa mikate ya viungo, ikiwemo ile midogo yenye alama ya msalaba, isipokuwa katika mazishi, siku ya Ijumaa Kuu na wakati wa Krismasi. Aliyevunja amri alinyang'anywa mikate yake wakapewa maskini. Leo mikate hiyo hiyo huuzwa Uingereza tangu siku za mwanzo za Januari, ikikaa bega kwa bega na mayai ya chokoleti ya Pasaka. Sisemi kwamba ofisa yule alitenda haki. Mwokaji naye ana watoto wa kulisha. Nataka tu uone kwamba swali la nani aamue wakati wa kuuza kitu cha sikukuu halikuanza jana.

Sasa tuvuke Atlantiki.

Wamarekani wana sikukuu iitwayo Thanksgiving, ambayo hapa nitaiita Sikukuu ya Shukrani. Ni siku ya familia kukutana mezani, na kitoweo chake ni bata mzinga. Watu huihusisha na karamu ya mavuno ya mwaka 1621, iliyowakutanisha walowezi wa Kiingereza wa Plymouth na watu wa kabila la Wampanoag. Kwa muda mrefu haikuwa na tarehe moja. Kila jimbo lilijipangia. Mwanamke mmoja mhariri, Sarah Josepha Hale wa jarida la Godey's Lady's Book, aliandika makala na barua kwa miaka mingi akidai taifa zima liwe na siku moja. Mwaka 1863, vita vya wenyewe kwa wenyewe vikiwa vimepamba moto, Rais Abraham Lincoln alikubali, akatangaza Alhamisi ya mwisho ya Novemba. Marais waliofuata wakaishika desturi hiyo, ingawa mmoja mmoja aliwahi kuipinda.

Zingatia neno desturi. Lincoln hakutunga sheria. Kila mwaka Rais alitoa tangazo, na tangazo hilo lilikuwa na nguvu kwa watumishi wa serikali kuu na kwa mji mkuu wa Washington tu. Katika majimbo, aliyeamua ni gavana. Kwa miaka mingi jambo hili halikumsumbua mtu, kwa kuwa magavana walimfuata Rais na Rais aliifuata desturi. Wanafunzi wa somo la uraia watakumbuka kwamba udhaifu wa desturi hauonekani mpaka mtu mwenye cheo aamue kuiacha.

Baina ya Sikukuu ya Shukrani na Krismasi palikuwa na mwezi mmoja takriban, na mwezi huo ukageuka kuwa mavuno ya wenye maduka. Mwaka 1924 duka la Macy's la New York lilianzisha maandamano ya asubuhi ya Sikukuu ya Shukrani, wafanyakazi wakiwa wamevaa mavazi ya maigizo, na wanyama wa kuazima kutoka bustani ya wanyama ya Central Park wakipitishwa barabarani. Aliyefunga msafara alikuwa Santa Claus, mzee wa zawadi mwenye ndevu nyeupe. Kuingia kwake mjini kulimaanisha kwamba mlango wa manunuzi ya Krismasi umefunguliwa. Na kabla ya mlango huo kufunguliwa, ilihesabiwa kuwa ni utovu wa adabu kwa duka kutangaza bidhaa za Krismasi. Hakuna askari aliyesimamia jambo hili. Ilikuwa ni haya tu, na haya ilitosha.

Hapa yafaa nikueleze jambo ambalo wengi hawalijui, nalo ndilo lililonivutia kuandika makala hii. Wito wa kununua mapema haukuanzishwa na wenye maduka peke yao. Miongoni mwa sauti zake za kwanza na za nguvu zaidi ilikuwa ya mwanamke aliyewatetea wafanyakazi, Florence Kelley. Mama huyu aliwahi kuwa mkaguzi mkuu wa viwanda wa jimbo la Illinois tangu 1893, akiingia katika vyumba ambamo watoto walishona nguo, na tangu 1899 aliiongoza Jumuiya ya Taifa ya Wanunuzi. Hoja ya jumuiya hiyo ilikuwa nyepesi: anayenunua naye ana sehemu yake katika mateso ya anayeuza na anayetengeneza. Nguo zilizotengenezwa katika mazingira ya haki zilishonewa lebo nyeupe ili mnunuzi azitambue.

Kelley alipoitazama Krismasi ya maduka ya mijini, hakuona furaha. Aliona wasichana wa kaunta wakisimama tangu asubuhi hadi usiku wa manane katika wiki mbili za mwisho, na watoto wa kiume wakisukuma vifurushi katika baridi hadi saa ambazo hata mbwa walikuwa wamelala. Sababu yake ilikuwa moja: watu wote walinunua dakika za mwisho. Mwaka 1903 aliandika makala kali kuhusu dhihaka ambayo sikukuu hiyo ilikuwa imegeuka kwa watu hao. Dawa aliyoipendekeza ni kwamba wanunuzi wawahi, wanunue mapema Desemba au hata kabla, na wawahi mchana badala ya usiku, ili mzigo wa kazi usambae.

Magazeti yakaupenda wito ule. Wenye maduka nao wakaupenda, na ni nani asingeupenda? Waliambiwa na watetezi wa wanyonge wafanye jambo ambalo lingewaletea fedha mapema. Basi bango la kuhimiza ununuzi wa mapema likatundikwa kila mahali, na kadiri miaka ilivyosonga, msichana wa kaunta akasahaulika. Huruma iliondoka, wito ukabaki. Sheria za saa za kazi na za ajira ya watoto zilikuja baadaye kwa mapambano mengine, lakini zoea la kuanza mapema halikurudi lilikotoka.

Tuje sasa kwenye Novemba zenye Alhamisi tano. Mwezi wa kawaida una Alhamisi nne. Lakini mwezi wa siku thelathini ukianza siku ya Jumatano au Alhamisi, Alhamisi huwa tano, na ile ya mwisho huangukia tarehe 29 au 30. Mwaka 1933 ulikuwa hivyo. Marekani ilikuwa katika kina cha mdororo mkuu wa uchumi ulioanza 1929, na wafanyabiashara walimwomba Rais mpya, Franklin D. Roosevelt, aiwahishe Sikukuu ya Shukrani kwa juma moja ili wapate siku zaidi za kuuza. Roosevelt akakataa.

Mwaka 1939 jambo likajirudia: Alhamisi ya mwisho ilikuwa tarehe 30 Novemba. Mpaka mkesha wa Krismasi zingebaki siku 24, na ukiondoa Jumapili, ambazo maduka yalifungwa, zingebaki siku 20 tu za kuuza. Uchumi ulikuwa umeanza kuinuka, ukaanguka tena 1937, na kila mwenye duka alikuwa na hofu. Lew Hahn, meneja mkuu wa chama cha wauzaji wa nguo na vitambaa, alimwonya Waziri wa Biashara, Harry Hopkins, kwamba tarehe ile ingeumiza mauzo. Fred Lazarus, mwenye maduka makubwa ya Ohio, hutajwa sana kuwa miongoni mwa waliolishikilia wazo la kuiwahisha sikukuu.

Safari hii Roosevelt alikubali. Katikati ya Agosti 1939, akiwa likizoni katika kisiwa cha Campobello, aliwaambia waandishi wa habari kwamba Sikukuu ya Shukrani ya mwaka ule ingekuwa tarehe 23 Novemba. Alieleza kwamba tarehe ile haikuwa imewekwa na sheria yoyote, na kwamba hapakuwa na utakatifu ndani yake. Kwa kanuni alisema kweli. Lakini siyo kila kisichoandikwa katika sheria kimo mikononi mwa mtu mmoja.

Nchi ikachafuka. Kalenda za 1939 zilikuwa ukutani, na za 1940 zilikuwa mitamboni. Mchapishaji mmoja wa kalenda wa Ohio alimwandikia Rais kumweleza hasara itakayompata. Vyuo vilikuwa vimekwisha kupanga mechi za mpira wa Kimarekani za siku ile, tiketi zikiwa tayari, na sasa mechi za sikukuu zingechezwa siku ya kazi. Wakuu wa mji wa Plymouth, ambao walijiona kuwa ndio wenye sikukuu, walipinga. Alf Landon, mwanasiasa wa chama cha Republican aliyeshindwa na Roosevelt katika uchaguzi wa 1936, alifika mbali hata akaufananisha uamuzi ule wa ghafla na mwenendo wa Hitler. Kumbuka hiyo ilikuwa Agosti 1939, wiki mbili kabla ya vita kuanza Ulaya. Ulinganisho ule ulikuwa wa kupita kiasi, nami siutetei.

Watani nao hawakulala. Wakaliunganisha jina la kwanza la Rais, Franklin, na jina la sikukuu, wakapata Franksgiving. Kwa Kiswahili tungeweza kusema Shukrani ya Franklin, ingawa utani ukitafsiriwa hupungua chumvi.

Katika barua zote ambazo wananchi walimpelekea Rais, zipo zilizomsifu na zilizomtukana, lakini moja naiona ina uzito kuliko zote. Iliandikwa na mwenye duka dogo la nguo za wanaume huko Brooklyn. Mtu angetarajia kwamba mfanyabiashara angefurahi kuongezewa juma zima. Yeye akasema kinyume: siku zikiwa chache, maduka makubwa hufurika, na wateja wasiopenda msongamano humwagikia maduka madogo ya mtaani. Ukizirefusha siku, maduka makubwa yatawameza wote kwa nafasi na kwa starehe. Kwa hiyo uamuzi uliosemekana kuwa ni wa kusaidia biashara ulikuwa ni wa kusaidia aina moja ya biashara. Isome hoja hiyo mara mbili. Kila unaposikia kwamba sera fulani inawapendeza wafanyabiashara, uliza ni wafanyabiashara gani, na ni wangapi walioingia ofisini kwa waziri.

Kura ya maoni ya Gallup ilionyesha kwamba asilimia 62 ya Wamarekani walipinga na asilimia 38 waliunga mkono. Ukizichambua takwimu hizo kwa vyama, utaona jambo la kusikitisha kidogo: wafuasi wa Democrat, chama cha Rais, waliunga mkono kwa asilimia 52, na wale wa Republican walipinga kwa asilimia 79. Mtu aliulizwa swali la tarehe, naye akajibu swali la chama. Nadhani hata kwetu hatujambo kwa ugonjwa huo.

Kisha magavana wakatumia mamlaka yao. Kati ya majimbo 48 ya wakati ule, 23 yalimfuata Rais, yakasherehekea tarehe 23. Majimbo 22 yakabaki na tarehe 30. Matatu, yaani Texas, Colorado na Mississippi, yakaamua kusherehekea siku zote mbili, uamuzi ambao bila shaka uliwafurahisha watoto wa shule na kuwakera wanaolipa mishahara. New York ilikuwa upande wa tarehe 23 na Massachusetts upande wa tarehe 30. Kijana aliyefanya kazi New York na wazazi wake wakiwa Boston alipumzika siku ambayo baba yake yuko kazini, na siku mama yake anapopakua bata mzinga, yeye alikuwa kazini. Sikukuu ambayo Sarah Hale aliililia ili iwe moja kwa taifa zima ilikuwa imepasuka vipande viwili.

Roosevelt hakurudi nyuma mara moja. Mwaka 1940 Novemba ilikuwa na Alhamisi nne tu, kwa hiyo hata sababu ya awali haikuwepo, lakini aliiwahisha tena, akatangaza tarehe 21. Safari hii majimbo 32 yalimfuata. Mwaka 1941 akatangaza tarehe 20. Lakini mwezi wa Mei mwaka huo alikwisha kuwaambia waandishi wa habari kwamba jaribio litakoma, na kuanzia 1942 sikukuu itarudi mahali pake. Sababu aliyoitoa inastahili kukumbukwa: Wizara ya Biashara ilichunguza mauzo, ikakuta kwamba kuiwahisha sikukuu hakukuyaongeza kwa kiasi cha maana. Watu walikuwa na fedha zile zile mfukoni. Walizitumia mapema kidogo, basi.

Hapo Kongresi, yaani Bunge la nchi ile, ikaona kwamba desturi imekwisha kuonyesha udhaifu wake, na kwamba jambo hili lihitaji sheria. Baraza la Wawakilishi lilipitisha azimio la Alhamisi ya mwisho. Seneti ikalirekebisha likawa Alhamisi ya nne. Tofauti ya maneno hayo mawili ni ndogo kwa sikio, lakini ndiyo suluhu yenyewe: katika miaka mingi Alhamisi ya nne ndiyo ya mwisho, kwa hiyo desturi ilihifadhiwa, na katika Novemba zenye Alhamisi tano, sikukuu haitaangukia tena tarehe 29 wala 30, kwa hiyo wenye maduka nao walipata walichokuwa wakikililia tangu 1933. Roosevelt alitia saini tarehe 26 Desemba 1941, siku 19 baada ya Wajapani kuishambulia Pearl Harbor. Taifa lililokuwa limetumbukia vitani lilipata nafasi ya kupanga siku ya kula bata mzinga. Baadhi ya majimbo yalikaidi bado, na Texas iliendelea na Alhamisi ya mwisho hadi 1956.

Utaniuliza: hadithi hii ya bata mzinga inahusu nini na mti wa plastiki wa Oktoba? Inahusu sana. Mwaka 1939 mfanyabiashara aliyetaka kuanza kuuza mapema ilimbidi aombe. Aliomba hadharani, kwa Rais, na kila raia alisikia, akapiga kelele, akaandika barua, gavana wake akapinga au akakubali, na mwishowe wabunge wakapiga kura. Ilimbidi aombe kwa sababu ile haya niliyoitaja bado ilikuwa na nguvu; hakuthubutu kuupamba mlango wa duka lake kabla ya Sikukuu ya Shukrani kupita. Haya ilipokwisha, haja ya kuomba nayo ikaisha. Leo hakuna Rais anayesumbuliwa. Mapambo hupangwa tu, usiku, na asubuhi unayakuta.

Si tabia ya wenye maduka pekee iliyobadilika. Hesabu zao nazo zimebadilika, na ni vyema tuzielewe kabla ya kulaumu. Bidhaa za msimu wa supamaketi kubwa huagizwa miezi mingi kabla. Sehemu kubwa ya mapambo ya Krismasi ya dunia hutoka katika mji mmoja wa China uitwao Yiwu, yakasafirishwa kwa kontena kupitia baharini. Meli ikichelewa juma moja katika Desemba, shehena yote haina thamani. Kwa hiyo mwagizaji hutaka ifike mapema sana. Ikishafika, ghala lina gharama. Rafu ya dukani ni ghala ambalo linaweza kuuza. Basi hupangwa.

Na kwa nini hukwisha kabla ya siku yenyewe? Wanauchumi wana fumbo walilolipa jina la muuza magazeti. Muuza magazeti hununua nakala alfajiri. Akinunua chache, atakosa faida ya wateja wa jioni. Akinunua nyingi, zitakazobaki ni za kufungia maandazi. Lazima achague ni kosa lipi limuumize kidogo. Karatasi ya Krismasi ni gazeti la aina hiyo: tarehe 24 Desemba ina bei kamili, tarehe 26 haifikii nusu yake. Kwa mwenye duka, karatasi kukwisha tarehe 18 ni hasara ndogo, kwa sababu uliyeikosa utanunua hata mfuko wa kawaida wa zawadi, nawe utarudi mwakani. Karatasi kubaki ni hasara kubwa. Ndiyo maana haagizi shehena ya pili. Koti la Februari halipo kwa sababu hiyo hiyo. Duka hutaka makoti yawe yamekwisha kabla baridi haijaisha, na anayelipa tofauti ya siku hizo ni yule aliyechanikiwa koti. Wahenga wa kisasa husema biashara asubuhi, jioni mahesabu; hapa asubuhi ya muuzaji imesogea hata ikaangukia usiku wa mnunuzi.

Mwaka 2024 Sikukuu ya Shukrani iliangukia tarehe 28 Novemba, ambayo ndiyo ya mwisho kabisa inayowezekana chini ya sheria ya 1941. Zilibaki siku 26 kabla ya mkesha wa Krismasi kumalizika, siku mbili tu zaidi ya zile zilizowatia wenye maduka kiwewe mwaka 1939. Lakini maandamano ya Macy's hayafungui tena mlango wowote. Anayepita nyuma ya Santa Claus huenda alikwisha kununua zawadi zake zote.

Jambo moja limefika hadi kwetu, nalo ni Ijumaa Nyeusi, siku inayofuata Sikukuu ya Shukrani. Yasemwa mara nyingi kwamba jina hilo latokana na wino mweusi wa vitabu vya hesabu, kwa kuwa siku hiyo maduka hutoka katika hasara, iandikwayo kwa wino mwekundu, na kuingia katika faida. Maelezo hayo yalizuka baadaye. Waliolieneza jina hili walikuwa polisi wa trafiki wa Philadelphia, kiasi cha miaka ya 1960, nao hawakuwa na furaha hata kidogo: waliita siku hiyo nyeusi kwa sababu ya msongamano wa magari na watu uliowanyima mapumziko. Wenye maduka wakachukizwa na jina, wakajaribu kulibadilisha, wakashindwa, kisha wakalitafutia maana nzuri. Nawe mwanafunzi wa lugha jihadhari na asili tamu ya maneno. Sasa tangazo la Ijumaa Nyeusi hulisoma Nairobi na Kampala, na mara nyingi huanza mwanzoni mwa Novemba na kuendelea mwezi mzima. Imetufikia punguzo la bei bila ile sikukuu iliyotangulia, mithili ya mtu aletewe kombe la chai bila chai.

Katika miaka ya 2010 baadhi ya maduka makubwa ya Marekani hayakungoja hata hiyo Ijumaa. Yalifungua milango jioni ya Sikukuu ya Shukrani yenyewe, na wafanyakazi wakaondoka mezani kwenda kusimama kaunta. Florence Kelley angeitambua picha hiyo. Lakini siyo kila mahali. Katika majimbo matatu, Massachusetts, Rhode Island na Maine, sheria za zamani za siku za mapumziko huyazuia maduka makubwa kufunguliwa siku hiyo. Uingereza na Wales zina sheria ya mwaka 2004 inayoyakataza maduka yenye zaidi ya mita za mraba 280 kufungua siku ya Krismasi. Kiduka cha mtaani kinaruhusiwa. Ukimkumbuka yule bwana wa Brooklyn, utaona kwa nini watunga sheria walipima ukubwa wa duka kabla ya kuandika.